Upigaji picha kwa tiara

Upigaji picha kwa tiara ni njia ya kupata picha za angani kwa kamera inayobebwa na tiara (huitwa pia kishada). Mfaransa Arthur Batut aliitumia huko Labruguière mwaka 1888.

Batut aliifunga kamera kwenye tiara yenyewe, hivyo ilitikisika pamoja nayo. Siku hizi hufungwa kwenye kamba, mita kadhaa chini ya tiara, baada ya tiara kutulia hewani. Kifaa cha kuituliza kilielezwa na Mfaransa mwingine, Pierre Picavet, mwaka 1912: vijiti viwili vilivyofungwa kama msalaba, kila ncha ikiwa na pete ndogo. Uzi mmoja hupanda na kushuka kati ya pete hizo na sehemu mbili za kamba. Uzi ukiteleza vizuri, msalaba hubaki umelala sawa hata kamba ikibadili mwinamo. Kosa la kawaida ni kufunga fundo penye pete. Hapo kamera huinama.

Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru, liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo kamera ileile huhitaji tiara kubwa zaidi au upepo mkali zaidi. Upepo uliokatizwa na mlima nao huja kwa mikupuo. Tiara isirushwe karibu na nyaya za umeme, wala upande wa Kisongo ulipo uwanja wa ndege.