Mgonjwa Naye Ana Neno: Kisukari, Saumu na Tabibu

Kwa miaka mingi desturi yetu ilikuwa kwamba mgonjwa akiingia kwa daktari, kazi yake ni kunyoosha mkono apimwe, kupokea karatasi ya dawa na kwenda zake. Kuuliza kulionekana ni utovu wa adabu. Mara nyingi hata maelezo ya ugonjwa hayakutoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe: mume alimsemea mkewe, na mtoto alimsemea mamake. Desturi hiyo inaanza kubadilika, nasi twaona ni kheri ibadilike, hasa katika maradhi ya kisukari.

Kisukari ni maradhi ambayo daktari hawezi kuyadhibiti peke yake. Yeye humwona mgonjwa kwa dakika chache tu kila baada ya miezi kadhaa. Siku zote zilizobaki, mgonjwa ndiye anayeamua ale nini, dawa aimeze saa ngapi, na kama ataikagua miguu yake isije ikawa na kidonda. Leo viko vifaa vidogo vya kupimia sukari nyumbani: tone moja la damu ya kidole, na baada ya sekunde chache namba inasomeka. Mwenye kuziandika namba hizo daftarini, pamoja na saa na chakula alichokula, humpelekea daktari habari ambayo hakuna mwingine awezaye kumpa.

Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoifahamu. Basi mama anayeomba aelezwe kwa Kiswahili haombi hisani; anadai haki yake.

Umuhimu wa jambo hili huonekana zaidi Ramadhani inapokaribia. Katika nyumba zetu wamo wanaofunga bila daktari kujua, na wamo wanaomeza vidonge vya siku nzima wakati wa daku kwa kukisia tu. Hawaulizi, kwa kuwa wadhani jibu litakuwa katazo. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Katika Surat al-Baqara, aya ya 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Hata hivyo wenye kisukari si hali moja: wapo wawezao kufunga kwa salama, na wapo ambao saumu yaweza kuwaangamiza. Kuwatenganisha kwahitaji mazungumzo ya kweli.

Miongozo ya kimataifa kuhusu kisukari na Ramadhani, iliyotolewa upya mwaka 2021, yashauri mgonjwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, yaani tukiwa bado Rajabu. Aende na dawa zake na daftari lake, aseme wazi: "Daktari, nataka kufunga. Hali yangu yaruhusu? Dawa ya asubuhi niitumie lini? Kiasi chake kipunguzwe? Sukari niipime saa ngapi?" Maswali haya ni ya lazima zaidi kwa anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, kwa kuwa dawa hizi zaweza kuishusha sukari kupita kiasi tumbo likiwa tupu. Asibadilishe kipimo kwa rai yake mwenyewe.

Ajue pia wakati wa kufungua. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 kwa kipimo cha milimoli, afungue papo hapo, hata kama Magharibi imebakia dakika chache. Afungue vilevile akihisi kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa. Asiogope kujipima: wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema tone la damu ya kidole halibatilishi saumu.

Nanyi akina mama mnaopika, sehemu ya tiba imo mikononi mwenu. Kaimati za shira, mahamri na sharubati tamu zikijaa sinia, mgonjwa wa nyumbani atajizuiaje? Tende moja, maji, kisha chakula cha wastani chamtosha kufuturu. Na daku asiiache, bali aicheleweshe.

Waume na vijana, mwasindikizeni wagonjwa wenu, mkumbuke anayoyasema daktari. Lakini mwacheni mama aseme mwenyewe linalomsumbua. Mwili ni amana, na mwenye amana ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atufikishe Ramadhani tukiwa na afya njema. Amin.