Likizo ya Melini Wakati wa Korona

Februari 2020 meli ya kitalii Diamond Princess iliwekwa karantini bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 waligundulika kuwa na korona. Melini watu hula kwenye kumbi za pamoja, hushika vishikio vilevile vya ngazi na kupishana kwenye korido nyembamba. Ugonjwa ukiingia, huenea upesi.

Hata hivyo, Agosti mwaka huohuo meli ya kitalii MSC Grandiosa iling'oa nanga Genoa, Italia, kuzunguka Mediterania. Abiria walipimwa kabla ya kupanda, na mijini walishuka kwa ziara zilizoandaliwa na meli tu. Familia moja iliyojitenga na kundi huko Naples ilikataliwa kurudi melini. Uamuzi huo ulikuwa mkali, lakini wa haki.

Zanzibar ilijua tangu zamani kuwatenga abiria wa meli ili kuzuia magonjwa. Gereza lililojengwa kisiwani Changuu miaka ya 1890 liligeuzwa kituo cha karantini, abiria wa meli wakisubiri wiki moja hadi mbili kabla ya kuendelea na safari. Wakati usio wa karantini, kisiwa kilikuwa mahali pa mapumziko.

Anayepanga likizo ya melini aulize mapema: akiugua, atashushwa bandari gani, na nani atalipia matibabu?