Kamba Moja Kwanza



Wako miongoni mwetu waliouanza mwaka kwa orodha ndefu: kuamka alfajiri, kusali, kusoma, kufanya mazoezi, kuweka akiba, kuacha sigara, kuzuia hasira. Baada ya wiki tatu, orodha hiyo imegeuka hati ya mashitaka. Aliyeiandika haitazami tena, na lililo baya zaidi, amekwisha kusadiki kwamba yeye si mtu wa kubadilika. Kushindwa kutimiza mambo saba si msiba. Msiba ni kuikatia tamaa nafsi yako.

Leo nawaalika twende Shumba, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Micheweni. Katika pwani za wilaya hiyo hulimwa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Wakulima, wengi wao wanawake, hungojea bamvua, ambayo huja mara mbili kwa mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu. Maji yakiisha kutoka, hupigilia vigingi mchangani, huwamba kamba baina yake, kisha hufunga mbegu mojamoja kwa taitai. Wiki sita hivi baadaye huvuna. Kazi hiyo yatufundisha mambo matatu.

La kwanza ni kigingi. Kamba isiyofungwa mahali huchukuliwa na maji. Vivyo hivyo, zoea jipya lahitaji kufungwa kwenye jambo unalolitenda tayari kila siku. Usiseme, “Nitasoma zaidi.” Sema, “Nikimaliza chai ya asubuhi, nitasoma ukurasa mmoja.” Chai ndiyo kigingi chako.

La pili ni kiasi. Mkulima mwenye busara hawambi kamba nyingi kuliko anazoweza kuzihudumia kabla maji hayajajaa. Mshika mbili moja humponyoka. Benjamin Franklin wa Marekani, katika karne ya 18, alijiandikia fadhila 13, lakini kila wiki aliikazia moja tu. Jioni alitia nukta nyeusi katika kijitabu chake kwa kila kosa la siku hiyo. Kwa njia hiyo alizizungukia zote mara nne kwa mwaka. Alikiri kwamba ukamilifu hakuufikia, ila juhudi ile ilimfanya kuwa mtu bora kuliko ambavyo angekuwa bila kujaribu. Karibu karne mbili kabla yake, Mtakatifu Ignasi wa Loyola alikwisha kufundisha njia ya namna hiyo: kuchagua kasoro moja, kujichunguza mchana na jioni, na kutia alama ili kulinganisha siku na siku.

La tatu ni subira. Watafiti wa London, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliojitwalia kila mmoja zoea moja jipya. Kwa makadirio yao, wengine wangehitaji siku 18 tu ili zoea lijiendeshe lenyewe, wengine hata siku 254. Kipimo cha katikati kilikuwa siku 66. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Basi anayejihukumu katika wiki ya tatu amevuna mapema mno. Na mawimbi yakikata kamba, mkulima haliachi shamba. Bamvua ifuatayo hushuka tena na kufunga upya.

Ndugu wapenzi, jioni hii itwaeni ile orodha. Msiichane. Chagueni jambo moja, lililo dogo kiasi kwamba hata siku ya uchovu litawezekana. Lifungeni kwenye kigingi cha kila siku, na kila usiku tieni alama. Likiisha kushika mizizi, wambeni kamba ya pili. Nanyi makatekista, msiwatwike wanafunzi wenu mizigo kumi kwa siku moja; waulizeni wiki ijayo juu ya ule mmoja. Atakayekuwa ameanguka, msimwaibishe. Mwonyesheni kigingi, mmpe kamba, aanze tena.