Dhana ya Utamaduni wa Chini kwa Chini na Uhusiano Wake na Mkondo Mkuu: Mfano wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Sehemu hii inafafanua dhana ya utamaduni wa chini kwa chini kama inavyotumika katika utafiti huu. Miongoni mwa wasanii wa muziki wa kizazi kipya nchini Tanzania, "andagraundi" ni msanii ambaye hajatoka, yaani ambaye nyimbo zake hazijapata nafasi redioni. Msanii huyo hajaukataa mkondo mkuu, anausubiri mlangoni. Maana hiyo inatofautiana na ile iliyoenea Marekani katika miaka ya 1960, ambako neno hilo lilihusishwa na magazeti na filamu zilizojitenga kwa makusudi na soko pamoja na dola.

Maana zote mbili zina upungufu mmoja: zinauchukua mkondo mkuu kuwa ndio kipimo. Historia ya Kilwa inaonesha maana ya tatu, ya utamaduni unaojificha kwa sababu una jambo la kulinda. Kabla ya Vita vya Maji Maji kuanza katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905, habari za dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilienezwa kwa minong'ono iliyoitwa njwiywila. Watu waliolazimishwa kulima pamba na utawala wa Kijerumani walipashana habari hizo mmoja kwa mmoja. Usiri ndio uliowawezesha kuungana kabla ya dola kung'amua.

Baada ya uhuru minong'ono hiyo ilipanda jukwaani. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitunga tamthiliya ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969 na kusomwa shuleni. Taifa likapata shujaa, lakini ujumbe uliokuwa ukipokezanwa kwa siri ukawa swali la mtihani. Vilevile, msondo, ngoma ya unyago, uliipa jina bendi ya dansi ya Msondo Ngoma ya Dar es Salaam. Jina likajulikana nchi nzima. Mafunzo ya makungwi yakabaki ndani. Hivyo basi, kuingia katika mkondo mkuu si ushindi mtupu wala usaliti mtupu. Mkondo mkuu huchagua unachokichukua, na kinachochukuliwa hubadilika kazi.

Hoja hii inamgusa mtafiti mwenyewe. Tasnifu iliyo wazi kwa kila msomaji nayo ni sehemu ya mkondo mkuu. Kwa sababu hiyo, utafiti huu unaeleza nafasi ya unyago katika jamii za pwani ya Lindi, nani hufundisha na kwa nini hufunga mlango, lakini haunukuu maneno yanayofundishwa humo. Pengo hilo lisihesabiwe kuwa upungufu wa data. Kujua mahali ambapo jamii imeweka mpaka, na kuuheshimu, ni sehemu ya matokeo.