Spageti ya Nyanya na Fromaji ya Masisi

Saa ile tunaijua wote. Umetoka sokoni jioni, watoto wamerudi na njaa, na ndani ya mfuko wa makala kumebaki vumbi. Maharagi yanataka saa mbili au zaidi juu ya mbabula. Juma hili tunawaletea chakula ambacho maji yanachemka mara moja tu.

Kimetoka Italia, inchi iliyo pembeni ya bahari ya Mediteranea. Wakati wa joto kali, watu wa kule wanapenda mchuzi usiopikwa: nyanya mbichi inachanganywa na spageti ya moto, basi. Wao wanatia jibini yao. Sisi tuko na fromaji ya Masisi, inayotengenezwa na maziwa ya ngombe wa milima yetu, nayo inayeyuka vizuri.

Kwa watu 5 ao 6, tafuta:
- spageti, gramu 500
- nyanya zilizoiva, kilo 1
- kitunguu saumu, punje 3
- mafuta, vijiko vikubwa 4
- fromaji, gramu 150
- chumvi, na majani ya rehani. Ukikosa rehani, tia seleri.

Osha nyanya na majani kwa maji safi yaliyotiwa dawa ao yaliyochemshwa. Tusipuuze jambo hili, maana kipindupindu tunakijua.

Chemsha maji litre 4 na chumvi. Yakichemka, tumbukiza nyanya dakika 1, uzitoe, uondoe ngozi. Usimwage maji: tia spageti mule mule. Wakati inaiva, katakata nyanya, uchanganye na kitunguu saumu kilichosagwa, mafuta, chumvi kidogo na majani.

Onja spageti kisha dakika 8. Iwe laini, lakini isipondeke. Chota kikombe 1 cha maji yake uweke pembeni, ndipo umwage mengine. Ondoa sufuria motoni. Tia nyanya, kisha fromaji iliyokwaruzwa, na maji yale kidogo kidogo huku ukigeuza. Yako na unga wa spageti ndani, na ule ndio unashikamanisha mchuzi. Funika dakika 2, upakue.

Mara ya kwanza tulipojaribu pamoja, tulitia fromaji sufuria ingali motoni. Ilijikunja ikawa donge moja kama mpira, na watoto wakaigombania wakicheka. Tangu siku ile, tunaondoa sufuria kwanza.

Tusidanganyane: spageti tupu inajaza tumbo, lakini haimkuzi mtoto. Fromaji inasaidia, ila gramu 150 kwa watu 6 ni kidogo. Kama maharagi ya jana yamebaki, yapashe moto vizuri, uyatie ndani. Hata Waitalia wanachanganya spageti na maharagi, na hakuna anayeona haya.

Na bei? Fromaji ya kukatiwa kidogo kidogo inatugharimu. Sisi tunachanga kama likelemba: wamama kadhaa tunanunua fromaji nzima, tunaigawanya kwa mizani mbele ya wote. Kila mmoja anafunga kipande chake kwa kitambaa safi, anakiweka mahali pa baridi.

Mujaribu, wamama. Mukikutana juma lijalo, muambiane watoto walisema nini.