MGENI NJOO, MWENYEJI WA MUGETA APONE

Kila ifikapo Desemba, theluji inapofunika mashamba ya Ulaya na ya Marekani ya Kaskazini, wenye uwezo wa nchi hizo hufungua ramani na kuulizana: mwaka huu tukaote jua wapi? Wapo watakao ufuko wa bahari tu. Lakini wapo wengine wenye haja tatu kwa pamoja: kuwinda, kuvua samaki na kula vizuri. Wageni wa namna hiyo hawana budi kuelekezwa mkoa wa Mara. Nasi wenyeji hatuna budi kujiuliza jambo moja kabla hawajafika: wakija, nani atapona?

Tuitazame Mugeta, katika wilaya ya Bunda, nchi ya Waikizu. Mchana wa Januari huko hupata kama nyuzi 28 za joto, na usiku huwa na ubaridi wa kulalia vizuri. Upande mmoja yako mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na nyuma yake Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Upande wa magharibi liko Ziwa Victoria. Asubuhi mtu aweza kutazama twiga, na jioni ya siku ile ile akala sato kando ya ziwa. Ni nchi chache duniani ziwezazo kusema hivyo.

Kwanza, uwindaji. Mgeni asidanganywe. Katika Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, hakuna ruhusa ya kuwinda. Mapori ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa kuwa mapori ya akiba mwaka 1994, na tangu miaka ya 2000 yameendeshwa kwa utalii wa kutazama na kupiga picha. Atakaye kuwinda hana budi kuchukua leseni na kwenda katika vitalu vilivyotengwa kwa kazi hiyo penginepo nchini. Tena ajue kwamba mwezi Januari makundi makubwa ya nyumbu yako kusini, kwenye nyasi fupi. Huku Grumeti hupita kama Mei na Juni.

Wawindaji wa ng'ambo si wageni wapya kwetu. Mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani alifika Afrika Mashariki Desemba 1933, akaja kuwinda simba Serengeti. Badala ya kuota jua kwa raha alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, na Januari 1934 akachukuliwa kwa ndege mpaka Nairobi kutibiwa. Tangu siku hizo mambo yamebadilika. Serikali yetu ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977.

Lakini kabla ya wageni hao, babu zetu Waikizu, Waisenye, Wanata na Waikoma walikuwa wawindaji. Nyama ya nyumbu iliyokaushwa juani iliwavusha miezi ya njaa. Leo mtu wa ukoo huo akiingia porini na upinde bila leseni huitwa jangili na kupelekwa mahakamani, hali tajiri mwenye karatasi huitwa mtalii mwindaji na kupokewa kwa maji baridi. Hatusemi sheria ivunjwe. Mnyama asipolindwa atakwisha, na akiisha hatabaki wa mgeni wala wa mwenyeji. Sheria Na. 5 ya mwaka 2009 yasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao. Basi kama ni mali ya umma, umma wa Mugeta yafaa uonje faida yake. Mwaka 2020 zilitolewa kanuni za kuruhusu bucha za nyamapori, ili mwananchi anunue nyama hiyo kwa halali. Hiyo ni njia njema, na yafaa ipanuliwe hadi vijijini.

Pili, uvuvi. Ziwani mgeni atakutana na sangara, samaki mkubwa awezaye kupita uzito wa mtu mzima. Huyu naye ni mgeni: alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akaongezeka, na aina nyingi za furu zikatoweka. Sangara alileta viwanda na fedha za kigeni. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na kwa maskini wa kandokando ya ziwa vikabaki vichwa na mifupa, wanavyoviita mapanki. Funzo hilo tusilisahau tunapozungumza habari ya utalii. Mali yaweza kupita mikononi mwetu usiku na mchana, tukabaki na mifupa.

Tatu, chakula. Hapa Mara haina haja ya kuazima upishi wa mtu. Uko ugali wa mtama na muhogo, sato wa kuchoma, dagaa, kuku wa kienyeji, maziwa ya mgando, na mbuzi wa kuchoma na uchungu wake wa kichuri. Ni jambo la aibu mgeni kusafirishiwa nyanya na mayai kutoka mbali, naye amelala mahali ambapo kina mama wanauza vitu hivyo hivyo barabarani na kukosa mnunuzi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mkulima aliye jirani na mapori hulala shambani akipiga debe kufukuza tembo. Usiku mmoja waweza kummaliza mtama na pamba yake yote. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, tena mwisho ekari tano. Ndugu wa aliyeuawa na mnyama waliwekewa shilingi 1,000,000. Tembo yule yule ndiye mgeni amelipa fedha nyingi kumtazama. Mmoja anamlipia kwa furaha, mwingine anamlipia kwa njaa.

Kwa hiyo yatupasa kufanya mambo matatu. Kila mkataba unaohusu ardhi ya kijiji usomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa lugha inayoeleweka, na mapato na matumizi yake yatangazwe hivyo hivyo. Wakulima, wafugaji na wavuvi waunde vyama vya kuuzia hoteli chakula, wakijifunza kutoa bidhaa safi kwa wakati. Na vijana wetu wafundishwe kazi za uongozaji wageni, upishi na ufundi, wasibaki wafagiaji na walinzi wa lango tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akeshe akipiga debe. Tumkaribishe mgeni akimbiaye baridi, tumpe jua, samaki na mbuzi wa kuchoma. Akirudi kwao amepata joto, na watoto wa Mugeta wawe wamepata shibe.