Maumivu ya Kichwa Wakati wa Kuamka: Chanzo Hutafutwa Usiku

Maumivu ya kichwa yanayomkuta mtu anapoamka hutofautiana na yale ya mchana kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba chanzo chake hutafutwa katika saa ambazo mgonjwa mwenyewe alikuwa amelala na kwa hiyo hawezi kuzitolea ushahidi. Anayeumwa kichwa saa nane mchana aweza kutaja jua alilotembea nalo, mlo alioukosa au kelele za karakana. Anayeamka nacho kikimgonga huwa hana la kutaja, na mkono wake huenda moja kwa moja kwenye kidonge. Kosa la kwanza huanzia hapo, kwa sababu katika hali kadhaa kidonge hakigusi chanzo, na katika hali moja iliyo ya kawaida sana kidonge chenyewe ndicho chanzo.

Tatizo hili si la watu wachache. Mwaka 2004 mtafiti Maurice Ohayon alichapisha matokeo ya mahojiano na watu 18,980 wa Uingereza, Ujerumani, Italia, Ureno na Hispania, yaliyoonyesha kwamba asilimia 7.6 kati yao walikuwa na tabia ya kuamka na maumivu ya kichwa, na asilimia 1.3 walipatwa nayo kila siku. Miongoni mwa mambo yaliyohusiana nayo kwa nguvu zaidi haukuwamo ugonjwa wa ubongo bali sonona iliyoambatana na wasiwasi, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayoondoa hamu ya maisha, pamoja na hofu isiyotulia, hali ambazo zote mbili huuvuruga usingizi kabla ya kukifikia kichwa. Takwimu za Ulaya haziwezi kuhamishiwa Afrika Mashariki zilivyo, lakini uhusiano huo wafaa kukumbukwa, kwani mgonjwa anayelalamikia kichwa kila asubuhi mara chache huulizwa kama bado anafurahia chochote.

Badala yake, huku kwetu maumivu haya huwa na maelezo mawili ambayo karibu kila nyumba inayo tayari, malaria na presha, na yote mawili hulaumiwa kupita kiasi. Malaria ni kweli huumiza kichwa, lakini huja na homa, baridi na maumivu ya mwili, nayo haikai miezi mingi ikimpiga mtu alfajiri na kumwacha mzima adhuhuri. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa nayo apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa dakika chache. Habari ya presha ina historia ndefu zaidi, kwa kuwa daktari Mmarekani Theodore Janeway ndiye aliyeeleza mwaka 1913 maumivu ya kichwa ya asubuhi kwa wagonjwa wenye shinikizo kubwa la damu, na maelezo yake yakadumu hata baada ya kubainika kwamba shinikizo la juu la kiasi cha kawaida haliumi popote. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa huyahusisha maumivu hayo na presha pale tu inapofikia 180 kwa namba ya juu au 120 kwa namba ya chini. Imani iliyobaki ina madhara, na madhara yake makubwa humpata yule ambaye kichwa hakimuumi, maana huamini kuwa presha imeshuka na kuacha dawa, ilhali inaendelea kuharibu moyo na figo kimyakimya.

Hata hivyo presha na maumivu ya alfajiri huonekana kwa mtu mmoja mara nyingi kiasi cha kutosha kuuliza kama havina mzazi mmoja, na mzazi huyo mara nyingi huwa ni apnea ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi kunakojirudia mtu akiwa amelala. Usingizi unapokolea, misuli ya koo na ulimi hulegea. Kwa mwenye njia nyembamba ya hewa, iwe ni kwa mafuta yaliyojikusanya shingoni, kwa taya dogo la chini, au kwa mtoto mwenye mafindofindo makubwa, ulegevu huo hutosha kuiziba njia hiyo. Kifua huendelea kujitahidi bila hewa kuingia, oksijeni hushuka katika damu na kaboni dayoksaidi hupanda, mpaka ubongo unaposhtuka na kumzindua mtu kwa muda mfupi mno, kwa mkoromo mkubwa au kwa kupaliwa, naye akalala tena asikumbuke kitu. Kila mkatiko wa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio moja. Matukio 5 kwa saa hutosha kuitwa ugonjwa, na wenye hali mbaya hufikia 30 au zaidi kwa saa, usiku kucha.

Kaboni dayoksaidi inayojikusanya huipanua mishipa ya damu ya ubongo, na wataalamu wengi huyahusisha maumivu ya asubuhi na upanukaji huo, pamoja na upungufu wa oksijeni na kukatwakatwa kwa usingizi, ingawa mchango wa kila kimoja bado unajadiliwa. Sifa zake zajulikana vizuri zaidi: huwa pande zote mbili za kichwa, hubana badala ya kudunda, hayaleti kichefuchefu wala kuuchukia mwanga, na huisha yenyewe ndani ya saa 4 baada ya kuamka. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayowachelewesha wagonjwa, kwani wakati zahanati inapofunguliwa na foleni kusogea, maumivu yamekwisha, na kilichobaki ni usingizi wa mchana unaomfanya dereva asinzie kwenye usukani na mwalimu asinzie ofisini.

Shahidi wa ugonjwa huu ni yule anayelala chumba kimoja na mgonjwa, na daktari anayemwona mgonjwa peke yake bila mke, mume au ndugu huenda asiufikie ukweli. Ushahidi unaotakiwa ni mahususi: je, mkoromo hukatika ghafla, kukawa kimya, kisha akavuta pumzi kwa kishindo? Anayelala peke yake aweza kuiacha simu irekodi sauti usiku mzima. Jamii nyingi huuona mkoromo kuwa dalili ya usingizi mnono au jambo la utani, jambo linalosikitisha, kwa kuwa tiba ipo tangu mwaka 1981, wakati Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walipoeleza mashine inayosukuma hewa kwa msukumo mdogo usiokatika kupitia barakoa ya puani na kuifanya njia ya hewa ibaki wazi. Mashine hiyo ni ghali, na kipimo kamili cha usingizi hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa, lakini kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali, na kuacha pombe na dawa za usingizi nyakati za jioni huwasaidia wengi wenye hali isiyo kali.

Chanzo cha pili kinachostahili kuzungumzwa kwa kirefu ni dawa za kutuliza maumivu zenyewe. Mtu mwenye asili ya kuumwa kichwa anapozitumia mara kwa mara kwa zaidi ya miezi 3, ubongo wake huzizoea kwa namna inayoufanya uwe mwepesi zaidi wa kuhisi maumivu, na hali hiyo huitwa maumivu ya kichwa yatokanayo na matumizi makubwa ya dawa. Kipimo chake ni idadi ya siku, si wingi wa vidonge: kwa paracetamol peke yake, au dawa za jamii ya ibuprofen, hatari huanzia siku 15 kwa mwezi, na kwa vidonge vya mseto vinavyochanganya dawa mbili au tatu, mara nyingi pamoja na kafeini, na vilevile kwa dawa za jamii ya afyuni kama kodeini na tramadoli, huanzia siku 10 tu. Vidonge vya mseto ndivyo vinavyouzwa kimoja kimoja hata kwenye kioski jirani na sukari na chumvi, na mnunuzi wake hana mahali pa kuona kwamba kikomo cha siku 10 kimeshafikiwa. Nguvu ya paracetamol hudumu saa 4 hadi 6, hivyo aliyemeza saa tatu usiku huifikia alfajiri akiwa hana dawa mwilini, na maumivu humwamsha yakidai nyingine.

Kutoka katika mzunguko huo ni kugumu kwa sababu dawa inapoachwa maumivu huzidi kwanza, kwa siku kadhaa na pengine wiki moja au mbili, na wengi hukata tamaa katikati wakiamini wamethibitisha kwamba hawawezi kuishi bila kidonge. Anayetumia paracetamol aweza kuacha kwa mara moja; anayetumia tramadoli au kodeini hapaswi kufanya hivyo bila daktari. Kafeini nayo ina sheria zake, kwani aliyezoea zaidi ya miligramu 200 kwa siku kwa zaidi ya wiki mbili, kiasi kinachopatikana katika vikombe vichache vya kahawa kali, huweza kuumwa kichwa ndani ya saa 24 tangu kikombe cha mwisho, na ndiyo sababu mojawapo ya vichwa kuuma katika siku za mwanzo za Ramadhani, jambo ambalo mtu angeliepuka kwa kuanza kupunguza kahawa na chai ya rangi tangu Shaabani. Pombe haihitaji maelezo mengi: hukausha mwili, huvunja usingizi katika nusu ya pili ya usiku na kulegeza koo la mkoromaji, na kile wanywaji wanachokiita kuzimua huahirisha tu deni hadi kesho yake.

Kipo chanzo kimoja kisichomo mwilini mwa mgonjwa bali chumbani mwake, nacho ndicho kinachoweza kuua usiku huohuo. Katika nyanda za juu zenye baridi, kuanzia Makete na Njombe hadi Limuru na Kinangop, jiko la mkaa huingizwa ndani ili kupasha chumba joto, na wengi huamini kwamba mkaa uliokolea na usiotoa moshi hauna madhara. Mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Panapoingia gesi kidogo, watu huamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kichefuchefu; ikizidi, hawaamki. Dalili inayoitambulisha ni kwamba huwapata waliolala chumba hicho wote, mgeni pamoja na mwenyeji, na hupungua wakitoka nje, kwa kuwa kiasi cha sumu hiyo damuni hushuka kwa nusu kila baada ya saa 4 hadi 6 za kuvuta hewa safi. Jenereta iliyowekwa barazani karibu na dirisha hufanya kazi hiyohiyo.

Vyanzo vingine vyaweza kutajwa kwa ufupi. Kipandauso, maumivu yanayodunda, mara nyingi upande mmoja, yakiambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga, hupenda kuanza kati ya saa kumi alfajiri na saa tatu asubuhi, wakati homoni za kuamsha mwili zinapopanda, na huchochewa na kulala kidogo mno sawasawa na kulala kupita kiasi siku ya mapumziko. Wanaosaga meno usingizini huamka na maumivu ya panda za uso na taya lililochoka. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenclamide akiamka na kichwa kinachouma na nguo zilizolowa jasho, yampasa kushuku kwamba sukari ilishuka usiku. Na wapo watu, wengi wakiwa wamepita miaka 50, wanaoamshwa na maumivu saa ileile kila usiku kama walioitega saa ya kengele. Neil Raskin aliieleza hali hiyo mwaka 1988, na mojawapo ya tiba zake, kwa mshangao wa wengi, ni kikombe cha kahawa kabla ya kulala.

Kwa kuwa vyanzo ni vingi na baadhi yake huingiliana, kazi ya kwanza ya mgonjwa ni kuandika kwa wiki nne saa aliyolala na kuamka, maumivu yalipoanza na yalipokoma, kila kidonge alichomeza, na alichokunywa jioni. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka, na mara nyingi mgonjwa huliona jibu kabla hajafika kwake.

Zipo hali zisizosubiri daftari. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, kulala huliongeza, na ndiyo maana maumivu yake hujulikana kuwa makali wakati wa kuamka, yakizidi kwa kukohoa au kuinama, pamoja na kutapika na kuona ukungu. Uvimbe wa ubongo ndio unaoogopwa zaidi, ingawa utafiti wa mwaka 1993 kuhusu wagonjwa 111 wenye uvimbe huo ulionyesha kwamba asilimia 17 tu ndio waliokuwa na picha hiyo ya vitabuni. Kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, maumivu yanayokua kwa siku au wiki huweza kuwa homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi, na kwa mjamzito aliyepita wiki 20, kichwa kinachouma pamoja na presha ya 140 kwa 90 au zaidi huweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Wote hao hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, kama anavyopelekwa aliyepatwa na maumivu makali kwa ghafla, degedege au udhaifu wa upande mmoja. Huko daktari hutazama nyuma ya jicho kwa kifaa chenye mwanga, kwani mshipa wa fahamu wa jicho huvimba shinikizo la fuvu linapodumu, na akiuona uvimbe huo picha ya ubongo huwa haiepukiki. Kwa wengine wasio na dalili yoyote kati ya hizi, picha hiyo mara nyingi haiongezi kitu, na fedha zake zingefaa zaidi kulipia kipimo cha usingizi.